John Stuart Mill: Mtoto Aliyeanzishwa Kigiriki Akiwa na Miaka Mitatu



Sisi tunaosoma falsafa hukutana na jina la John Stuart Mill katika somo la maadili, na kwa kawaida tunakutana naye kama mpinzani. Ndiye mtetezi mkubwa wa falsafa ya manufaa, ile inayopima wema wa tendo kwa furaha ambayo tendo hilo linawaletea watu walio wengi. Tunajifunza hoja zake, tunajifunza namna ya kuzijibu, tunafanya mtihani, kisha tunahamia kwa mwingine. Maisha yake hatuyagusi. Ni hasara, maana utoto wa mtu huyu unagusa swali ambalo wazazi wa parokiani hutuuliza tukienda likizo au utume wa kichungaji: je, ni vema mtoto afundishwe kusoma nyumbani angali mdogo kabisa, hata kabla ya chekechea? Wengine wameshanunua kadi za herufi. Wengine wamemwekea mtoto wa miaka miwili silabi kwenye simu. Kabla ya kuwajibu, tumeona tusimulie habari za mtu ambaye jambo hilo alifanyiwa hadi mwisho wake.

Alizaliwa London tarehe 20 Mei 1806, mtoto wa kwanza kati ya 9. Baba yake, James Mill, alikuwa Mskoti, mtoto wa fundi viatu wa kijijini. Mama wa James alikuwa ameamua kwamba mwanawe huyo hatafanya kazi ya mikono, atasoma. Tajiri mmoja wa eneo lile, Sir John Stuart, akamfadhili hadi Chuo Kikuu cha Edinburgh ili awe mchungaji wa Kanisa la Presbiteri. James alimaliza teolojia na mwaka 1798 akapewa ruhusa ya kuhubiri. Lakini hakupata usharika wa kudumu, na mwaka 1802 akaenda London kuishi kwa kalamu, akiandika katika magazeti na majarida. Mzaliwa wake wa kwanza alimpa jina la yule mfadhili.

Imani yake ilikwisha. Sababu yake si ngeni kwetu, kwa kuwa ndiyo tunayopambana nayo katika somo la teodisia: hakuweza kukubali kwamba dunia yenye uovu mwingi namna hii imetoka katika mikono ya Mungu mwenye wema na uweza usio na mipaka. Mtu aliyeandaliwa kwa ajili ya mimbari akawa baba aliyewalea watoto wake bila sala. John mwenyewe baadaye alijieleza kuwa mmoja wa watu wachache sana nchini Uingereza ambao hawakuitupa dini, kwa sababu hawakuwahi kuwa nayo.

James hata hivyo alikuwa na jambo aliloliamini kwa nguvu zote, nalo lilikuwa elimu. Aliamini kwamba akili ya mtoto huzaliwa tupu na kwamba kila kitu ndani yake huingizwa na uzoefu, mawazo yakifungamana na mawazo, furaha ikifungwa na jambo hili na maumivu na lile. Basi anayeyapanga mapema mafungamano hayo ndiye anayemuumba mtu. Mwaka 1808 alifahamiana na Jeremy Bentham, mwanasheria na mwanafalsafa tajiri ambaye alitaka kuzipima sheria zote za nchi kwa kipimo cha furaha. Wazee hawa wawili walihitaji mrithi. Mwaka 1812, James alipougua na kuhofia maisha yake, Bentham alijitolea kumchukua mtoto, na James akamjibu kwa matumaini kwamba mvulana huyo angekuja kuwa mrithi wa kuwafaa wote wawili. John alikuwa na miaka 6. Hakuna aliyemuuliza.

Wakati huo alikuwa ameshasoma kwa miaka 3. Alianzishwa Kigiriki akiwa na miaka 3, umri ambao hata kumbukumbu zake mwenyewe hazikufika; aliambiwa tu baadaye. Baba yake alimwandikia kadi: neno la Kigiriki la kitu cha kawaida, na maana yake kwa Kiingereza. Sarufi nzito ilisubiri. Mtoto alijua kwanza maneno, akajifunza jinsi nomino na vitenzi vinavyobadilika, kisha akawekwa moja kwa moja kwenye tafsiri. Kitabu cha kwanza kilikuwa hadithi za Esopo, zile za wanyama. Kilichofuata ni Anabasi ya Ksenofoni, safari ya askari wa Kigiriki waliokwama ugenini, na hicho alikikumbuka vizuri zaidi. Alipofikisha miaka 8 alikuwa amemaliza Herodoto yote, sehemu kubwa ya Ksenofoni, na mazungumzo sita ya Plato. Kuhusu mojawapo, Teeteto, alisema wazi alipokuwa mtu mzima kwamba ingekuwa heri angeachiwa, kwa sababu haikuwezekana kabisa ailewe. Tuliokwisha kuisoma Teeteto tukiwa na miaka ishirini na kitu tunamwelewa.

Darasa lilikuwa meza ya kazi ya baba. James alikuwa akiandika historia ya India chini ya Waingereza, kazi aliyodhani ingechukua miaka 3 na ikachukua zaidi ya 10. Mtoto aliketi hapo hapo, mezani. Kamusi za Kigiriki za siku zile zilieleza maana kwa Kilatini, na mtoto Kilatini hakujua bado. Kwa hiyo kila neno lililomshinda ilibidi amuulize baba. Baba, ambaye kwa tabia alikuwa mwepesi wa kukasirika, aliweka kalamu chini, akajibu, akaishika tena. Hivyo kwa miaka. Sisi tunaona hapa ndipo penye siri ya habari yote, zaidi ya zile kadi. Mtu asiye na mshahara wa uhakika, mwenye nyumba inayojaa watoto mwaka hadi mwaka, alikubali kukatizwa kila baada ya dakika chache kwa ajili ya mtoto wa miaka 4 au 5. Mzazi anayempa mtoto simu ili asikatizwe, hata kama ndani ya simu mna herufi, anafanya kinyume kabisa cha alichofanya James Mill.

Asubuhi kabla ya kifungua kinywa walitembea pamoja katika njia za mashambani kaskazini mwa London. Mtoto alibeba vipande vya karatasi alivyoandikia mambo aliyosoma jana yake, akamsimulia baba njiani: vita, wafalme, safari za mabaharia. Vitabu hivi vya historia alivisoma mwenyewe kwa Kiingereza, kwa hamu, na simulizi hizi za asubuhi zilikuwa sehemu aliyoikumbuka kwa furaha. Jioni kulikuwa na hesabu. Hizo alizichukia, na uchungu wake aliukumbuka hadi uzeeni. Vitabu vya watoto alikuwa navyo vichache mno. Robinson Crusoe alikipenda utoto wote. Baba hakuvikataza, na mara nyingine aliazima vichache kwa watu, lakini hakuona sababu ya kuvinunua.

Akiwa na miaka 8 alianza Kilatini, na mzigo mpya ukaja naye. Alichojifunza alipaswa kumfundisha dada yake mdogo, kisha wadogo wengine wakafuata, nao walimsomea baba masomo yao. Wadogo wakikosea, aliyejibu alikuwa kaka. Alikiri kwamba kufundisha kulimsaidia kuelewa na kukumbuka, lakini aliichukia kazi hiyo, na hakuwashauri watu wengine kuwatumia watoto namna ile. Kwa kaya zetu ambazo mtoto mkubwa ndiye mwalimu wa wenzake wakati wazazi wako shambani au sokoni, neno hilo tungependa lisikike.

Ili tumtendee haki James, tuseme pia kwamba hakumjaza mtoto maneno ya kukariri. Alichukia kukariri kuliko chochote. Hakumweleza jambo ambalo mtoto angeweza kulifikia mwenyewe kwa kufikiri, na maelezo yalikuja tu baada ya mtoto kujaribu na kushindwa. Siku moja John, akiwa na miaka 13 hivi, alisema kwamba jambo fulani ni kweli kwa nadharia lakini kwa vitendo linahitaji kurekebishwa. Baba alighadhibika. Akamtaka aeleze maana ya nadharia. Mtoto akahangaika, akashindwa, na ndipo baba akamfafanulia kosa la kusema kitu kinaweza kuwa sahihi kwa nadharia na kibaya kwa vitendo, akamwacha ajione mjinga kupita wote. John alipolikumbuka tukio hilo aliona baba alidai kisichowezekana, lakini akaongeza kwamba mwanafunzi asiyeombwa kamwe lile asiloliweza, hatafanya yote anayoyaweza. Kufikia hapo alikuwa ameshapitia mantiki ya Aristotle pamoja na vitabu vya Kilatini vya mantiki ya kiskolastiki, yaani vya ukoo ule ule wa mantiki tunayofundishwa seminarini, na alivisifu. Alisema hakuna kilichomsaidia zaidi kufikiri sawasawa.

Hapa inafaa tumkumbuke mtu wetu, Mtakatifu Yeronimo. Karibu mwaka 400 na kitu aliandika barua kwa Laeta, mama wa Kirumi aliyetaka ushauri wa namna ya kumlea binti yake mdogo, Paula. Yeronimo hakuwa mtu laini. Wanaosoma barua zake wanajua alivyowachapa watu kwa kalamu. Lakini kwa mtoto huyu alishauri atengenezewe herufi za mti au za pembe ya ndovu, aziite kwa majina yake, azichezee, na mchezo wenyewe uwe somo. Azijue kwa mpangilio, kisha zichanganywe ili azitambue kwa sura na si kwa wimbo wa kukariri. Akianza kuandika, mkono wa mkubwa uuongoze mkono wake. Apewe zawadi ndogo, awe na wenzake wa kushindana nao, asisemwe vibaya akichelewa, na zaidi ya yote asije akaichukia elimu, maana uchungu wa utotoni huweza kupita utoto. Ukiziweka barua ile na kadi za James Mill pamoja, umri wa kuanzia karibu unalingana. Zinaachana katika mambo mawili: mchezo na wenzake.

John hakuwa na wenzake. Baba alimweka mbali na wavulana wengine kwa makusudi, asije akaambukizwa mawazo na mazungumzo ya ovyo. Likizo hakupewa, kwa hofu kwamba angezoea uvivu. Matokeo yake alikua akiwa mzito wa mikono, asiyejua michezo ya wavulana, mwenye kuhangaika na mambo madogo ya kila siku ambayo mtoto wa kawaida huyajifunza kwa kuangalia wenzake. Na kuna upungufu mwingine, huu umeandikwa kwa kunyamaza. Katika kitabu cha maisha yake kama kilivyochapishwa, ambamo baba amejaa kurasa kwa kurasa, mama yake hatajwi hata mara moja. Aliitwa Harriet Burrow. Alizaa watoto 9, akatunza nyumba ambayo mume alimdharau humo kwa akili yake, na mwanawe mwenye kumbukumbu ya kila kitabu alichosoma akiwa na miaka 5 hakumwandikia mstari.

Methali yetu husema samaki mkunje angali mbichi. Haisemi akunjwe kwa nguvu kiasi gani.

Ajabu ni kwamba mtoto mwenyewe hakujua kama amewatangulia wengine. Baba alimlinda na sifa kwa ukali ule ule, na kama mtoto angejilinganisha na mtu basi ni na baba yake, na hapo alijiona yuko nyuma daima. Mwaka 1820, alipokuwa na miaka 14 na karibu kwenda kukaa Ufaransa, James alimtembeza katika bustani ya Hyde Park akamwambia kwamba huko aendako atagundua anajua mambo ambayo vijana wa umri wake hawayajui, na kwamba asijivune: si kwa stahili yake, ni kwa bahati ya kuwa na baba aliyeweza na aliyekubali kujisumbua kumfundisha. John aliyapokea hivyo hivyo. Hadi mwisho alisema vipaji vyake vya asili vilikuwa chini ya wastani, na kwamba mtoto yeyote mwenye akili na afya ya kawaida angeweza kufanya aliyoyafanya. Hatudhani yuko sahihi. Lakini ni vigumu kutoipenda imani aliyokuwa nayo juu ya watoto wa watu wengine.

Ufaransa alikaa kwa familia ya Samuel Bentham, ndugu yake Jeremy. Aliona milima ya Pirenei, akajifunza Kifaransa, akaambukizwa na kijana wa nyumba ile mapenzi ya kukusanya mimea. Tukumbuke mimea hiyo. Ndicho kitu pekee katika ujana wake ambacho hakupangiwa na baba.

Mwaka 1823 alianza kazi ya ukarani katika Kampuni ya India Mashariki, ofisi moja na baba yake, na akakaa humo miaka 35. Asubuhi na jioni aliandika, alijadili, alianzisha vikundi vya vijana, akahariri maandiko ya Bentham juu ya ushahidi mahakamani, vitabu 5 vizito vilivyoandikwa kwa mwandiko usiosomeka. Mashine ilikuwa inafanya kazi kama ilivyoundwa.

Majira ya kupukutika majani ya mwaka 1826 ikasimama. Alikuwa na miaka 20. Alijiuliza swali rahisi: kama mageuzi yote ninayoyapigania yangetimia leo hii, sheria zote zikanyooka, mawazo yote ya watu yakabadilika, je, ningefurahi? Akasikia ndani yake jibu lisilo na shaka: hapana. Jengo zima la maisha yake likaanguka. Usingizi haukumwondolea. Vitabu alivyovipenda alivisoma bila kuhisi kitu. Kazini aliendelea kwenda, aliandika, alitoa hotuba, kama mtu anayetembea kwa mazoea tu, na baadaye hakukumbuka hata alichokuwa akisema. Hali hiyo iliendelea miezi.

Kilichotugusa zaidi tulipoisoma habari hii ni kwamba hakuwa na mtu wa kumwambia. Baba ndiye ambaye mtu angemkimbilia katika kila shida nyingine, lakini katika hii alikuwa wa mwisho kabisa. John aliona kumweleza kungemuumiza mzee bure, kumwonyesha kwamba kazi ya miaka yote imeishia hapa, na wala asingeelewa. Rafiki hakuwa naye wa kiwango hicho. Mama hakuingia akilini. Kijana aliyejua Kigiriki tangu miaka 3 hakuwa amefundishwa neno la kusema anapoumia.

Ahueni ilikuja kwa mlango mdogo. Alikuwa akisoma kumbukumbu za mwandishi wa Kifaransa, Marmontel, akafika mahali mwandishi anaposimulia kifo cha baba yake, jinsi familia ilivyobaki katika dhiki, na jinsi yeye, kijana mdogo, alivyohisi ghafla kwamba atakuwa kila kitu kwao. Mill akalia. Machozi yale yakamwambia kwamba ndani yake hapajafa. Wanasaikolojia wamesema mengi kuhusu kwa nini kifo cha baba ndicho kilichomtoa machozi; tunawaachia. Miaka 2 baadaye, mwaka 1828, alifungua mashairi ya Wordsworth, yanayozungumza juu ya milima, vijito na watu wa kawaida, akagundua kwamba furaha ya kutazama tu vilivyoumbwa haihitaji kushinda hoja yoyote.

Alitoka katika giza hilo akiwa ameelewa mambo ambayo baba hakumfundisha. Kwanza, zoea la kuchambua kila kitu hula hisia kama mchwa, endapo hakuna kingine kinachootesha hisia hizo upya. Pili, furaha humkimbia anayeifukuza. Huja kwa mtu aliyelenga kitu kingine, wema wa wengine au kazi inayostahili, akaikuta njiani. Mkristo atatambua hapa mwangwi wa neno alilolisikia Jumapili nyingi, ingawa Mill alilifikia kwa barabara yake. Na falsafa ya manufaa tunayoipinga darasani, alipoiandika upya mwaka 1861, ilikuwa imeshapasuliwa na tukio hili: alisisitiza kwamba furaha hazilingani, na kwamba za rohoni na akilini ni za daraja la juu kuliko za mwili. Wakosoaji huona hapo udhaifu wa mantiki. Sisi tunaona alama ya kidonda.

Mengine tuyapitie haraka. Mwaka 1830 alifahamiana na Harriet Taylor, mke wa mtu, wakawa marafiki wa karibu kwa miaka 20 hadi watu wa London wakanong'ona sana. Mume alifariki 1849, nao wakafunga ndoa 1851. Mama na dada zake Mill hawakwenda upesi kumwamkia bi arusi, na yeye akalichukulia kuwa tusi. Akawapa mgongo kwa barua za baridi ambazo hata wanaompenda huona taabu kuzitetea. Mama alifariki 1854. Harriet naye alifariki ghafla huko Avignon, Ufaransa, tarehe 3 Novemba 1858, baada ya ndoa ya miaka 7.

Mwaka uliofuata Mill alitoa kitabu chake juu ya uhuru, ambacho humo amerudi kwenye suala la kusoma. Alisema mzazi anayemleta mtoto duniani bila kumpa elimu anamkosea mtoto na anaikosea jamii. Alipendekeza uwekwe umri ambapo kila mtoto atapimwa kama anajua kusoma, na kama hajui, baba asiye na udhuru wa kutosha atozwe faini ya wastani. Lakini shule zote zisiwe za serikali. Mzazi achague amsomeshee wapi na namna gani, na serikali imsaidie maskini kulipa ada. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya kikristo, uliwataja wazazi kuwa walimu wa kwanza wa watoto wao na ukatetea haki yao ya kuchagua shule, kwa misingi tofauti kabisa na ya Mill. Tunashangaa kidogo kuwakuta wakitembea bega kwa bega hata kwa hatua chache.

Alikuwa mbunge wa Westminster kuanzia 1865 hadi 1868. Mwaka 1867 alipendekeza bungeni kwamba katika sheria ya uchaguzi neno linalomaanisha mwanamume libadilishwe kuwa mtu, ili wanawake nao wapige kura. Alipata kura 73 dhidi ya 196. Mtoto aliyemsahau mama yake kitabuni aliwapigania mama za wengine katika Bunge la Uingereza, na hatuoni haja ya kuyalazimisha mambo haya mawili yapatane.

Kuhusu Mungu, maandiko yaliyotolewa baada ya kifo chake, mwaka 1874, yaliwashtua marafiki zake wasioamini. Humo alikubali kwamba mpangilio wa viumbe unatoa kiasi fulani cha ushahidi wa Muumba mwenye akili, ingawa si mwenye uweza wote, na kwamba si ujinga kwa mtu kuwa na matumaini. Ni kidogo. Kwa mtu ambaye hakufundishwa hata kufanya ishara ya msalaba, si kidogo sana.

Akiandika maisha yake, hukumu yake juu ya elimu ya utotoni ilikuwa na pande mbili. Alisisitiza kwamba miaka ya mwanzo hupotezwa bure katika nyumba nyingi, kwamba mtoto anaweza kupokea mengi kuliko watu wanavyodhani, na kwamba yeye aliingia duniani akiwa amewatangulia wa rika lake kwa robo ya karne. Hakuungana na wanaodai kila somo lifanywe mchezo. Yapo magumu ambayo mtoto sharti ayabebe. Lakini alieleza pia kwamba watoto wa James Mill walimwogopa baba yao, na kwamba woga ulikausha chemchemi ya upendo pale pale ilipopaswa kububujika. Alisema mzee alikuwa na upendo zaidi ya alioweza kuuonyesha. Wadogo zake, waliolelewa baba akiwa ameshalegea, walimpenda kwa wororo. Yeye hakuthubutu kusema hivyo juu yake mwenyewe. Alisema tu kwamba alikuwa mwaminifu kwake daima.

Wazazi wanaotuuliza, basi, tumekuwa tukiwaambia waendelee na kadi zao na a, e, i, o, u zao, ila watazame saa: dakika chache, mtoto akiwa magotini, na akisema amechoka, amechoka. Na majirani waje kucheza.

Baada ya Harriet kufariki, Mill alinunua nyumba ndogo huko Avignon, karibu na makaburi alikozikwa, akawa anakaa huko sehemu ya kila mwaka pamoja na binti wa kambo, Helen. Mwaka 1872, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, wazazi wa mtoto mmoja wasioamini walimwomba awe mfano wa baba wa ubatizo, bila ubatizo. Mtoto huyo ni Bertrand Russell, ambaye nasi tutamkuta katika mitihani. Huko Avignon alipata rafiki, mwalimu maskini aliyechunguza wadudu, Jean-Henri Fabre, na pamoja walitoka kutafuta mimea. Tarehe 3 Mei 1873 walikwenda upande wa Orange, wakatembea maili nyingi, wakiokota majani na maua. Alirudi na homa ya ugonjwa wa ngozi uliokuwa umezoeleka katika eneo lile, na tarehe 7 Mei akafariki, akiwa na miaka 66. Alizikwa katika kaburi la mkewe.